Viwambo Viwili, Kadi Moja: Usawazishaji wa Rangi katika Tarakilishi na Istilahi Zake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia tatizo linalowakabili wahariri na wasanifu wa kurasa wanaotumia viwambo viwili vilivyounganishwa kwenye kadi moja ya michoro: picha ile ile huonekana kwa rangi mbili tofauti. Makala yanaeleza safari ya rangi kutoka kwenye faili hadi jichoni, sababu za viwambo kuhitilafiana, nafasi ya kadi ya michoro katika hitilafu hizo, na hatua za kuvisawazisha. Aidha, makala yanadai kwamba Kiswahili, kwa jinsi kinavyotaja rangi kwa kurejelea vitu, kina msingi imara wa kuizungumzia taaluma hii.

1.0 Utangulizi

Chukulia kwamba chama cha wanafunzi kinaandaa jarida lake la mwaka. Jalada limepambwa kwa picha ya leso: pindo jekundu, mji wa rangi ya manjano, na jina lililoandikwa kwa herufi nyeusi. Mezani pana viwambo viwili. Katika kiwambo cha kushoto, manjano ya leso yanaelekea rangi ya chungwa; katika kiwambo cha kulia, manjano yayo hayo yamefifia na kuelekea kijani. Mhariri anashikilia kuwa picha ina wekundu mwingi mno na yafaa ipunguzwe. Msanifu anashikilia kuwa picha haina dosari yoyote. Kila mmoja ana ushahidi mbele ya macho yake, na hakuna anayesema uongo.

Mzozo huu si wa maneno matupu. Wakirekebisha picha kwa kuongozwa na kiwambo chenye kasoro, watakuwa wameiingiza kasoro hiyo ndani ya faili, na nakala zote zitatoka nayo. Mpiga chapa hawezi kulaumiwa kwa kuchapa alichopewa, na fedha zilizotumika, ambazo ni michango ya wanafunzi, hazirudi.

Uzito wa jambo hili huzidi pale ambapo picha ni ya uso wa mtu. Tuseme kurasa za ndani zina tanzia ya mwalimu aliyefariki, na picha pekee iliyopatikana ilipigwa kivulini. Katika kiwambo kimoja, mikunjo ya paji la uso na tabasamu lake vinaonekana barabara. Katika kiwambo cha pili, uso wote ni giza lisilo na umbo. Jarida likichapishwa uso ukiwa umepotea, familia ya marehemu itakuwa imekosewa heshima, hata kama nia ya wahariri ilikuwa njema.

Makala haya basi yana malengo matatu. Kwanza, kueleza kwa nini viwambo viwili vinavyopokea picha kutoka kadi moja hutofautiana. Pili, kuonyesha hatua zinazoweza kufuatwa ili kuvipatanisha. Tatu, kuzichunguza istilahi za Kiswahili zinazofaa kutumiwa katika somo hili.

2.0 Rangi katika lugha

Kabla ya kuingia ndani ya mashine, ni vyema kutazama jinsi lugha yenyewe inavyoikabili rangi. Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli katika Kiswahili ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Husemwa mtu mweusi, kitabu cheusi, gari jeusi. Rangi zilizosalia hutajwa kwa kurejelea kitu kinachojulikana na jamii. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kijani kimetokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa. Zambarau na chungwa ni matunda. Samawati imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Hata ngozi ya binadamu ina rejeleo lake: mtu huambiwa ana rangi ya maji ya kunde.

Wanaisimu Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1969, walidai kwamba lugha zenye istilahi tatu tu za msingi za rangi huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Dai hilo limejadiliwa na kurekebishwa tangu hapo, lakini vivumishi vitatu vya Kiswahili vinavyokubali upatanisho wa kisarufi vinaoana nalo kwa namna ya kuvutia.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba Kiswahili hutaja rangi kwa kulinganisha. Anayesema "rangi ya manjano" anamtaka msikilizaji akumbuke kiungo fulani na kukitumia kama kipimo. Kipimo hicho hufanya kazi kwa sababu pande zote mbili zimewahi kukiona. Msikilizaji ambaye manjano aliyoyazoea yamechakaa dukani ataelewa rangi nyingine kidogo. Tatizo la viwambo viwili ni lilo hilo: mashine mbili zimeambiwa neno moja, lakini kila moja ina kiungo chake.

3.0 Safari ya rangi kutoka faili hadi jicho

Picha ya kitarakilishi ni jedwali la nambari. Kila pikseli ina nambari tatu: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Katika mfumo wa kawaida wa biti 8, kila nambari huanzia 0 hadi 255, yaani ngazi 256. Zikizidishwa pamoja, ngazi hizo huleta michanganyiko 16,777,216.

Itambulike kwamba nambari hizi hazitaji rangi halisi. Nambari 255 kwa nyekundu haisemi "wekundu wa damu" wala "wekundu wa udongo". Inasema tu: washa nyekundu yako kadiri unavyoweza. Kiwambo kimoja kina nyekundu iliyokolea, kingine kina nyekundu inayokaribia chungwa. Vyote viwili vimetii amri, ila matokeo ni mawili.

Njia ambayo nambari hizo hupitia ina vituo vinne. Kituo cha kwanza ni programu inayofungua picha, ambayo huweza kuzibadilisha nambari ikiwa inafahamu sifa za kiwambo. Kituo cha pili ni kadi ya michoro. Ndani yake mna jedwali dogo ambalo, kwa kila ngazi inayoingia, hutaja ngazi ya kutolewa. Makala haya yanaliita jedwali la rejeleo. Kituo cha tatu ni waya. Kituo cha nne ni kiwambo chenyewe, chenye vitufe vyake vya mwangaza, ukolezi na rangi. Hitilafu yaweza kuzuka katika kituo chochote, na ndiyo sababu anayekimbilia kubonyeza vitufe bila kujua kituo chenye kosa huishia kuficha kosa moja kwa kosa jingine.

4.0 Kwa nini viwambo hutofautiana

4.1 Nyeupe

Nyeupe ya kiwambo si moja. Huelezwa kwa joto la rangi linalopimwa kwa kelvini. Nyeupe ya kelvini 5000 huelekea umanjano kama mwanga wa jua la kawaida. Ya kelvini 6500 hukaribia mwanga wa mchana wenye mawingu. Ya kelvini 9300, iliyopendwa na watengenezaji wengi wa viwambo vya zamani, huelekea ubuluu. Viwambo viwili vikiwekwa bega kwa bega, kimoja 6500 na kingine 9300, hakuna rangi yoyote itakayofanana, kwa kuwa nyeupe ndiyo mizani ya rangi nyingine zote.

4.2 Gama

Gama ni uhusiano baina ya nambari inayotumwa na mwanga unaotoka. Uhusiano huu haujanyooka. Katika kiwambo chenye gama ya 2.2, nambari 128, iliyo karibu na nusu ya 255, hutoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wote. Katika kiwambo chenye gama ya 1.8, nambari hiyo hiyo hutoa takriban asilimia 29. Tarakilishi za Apple zilitumia gama ya 1.8 kama kawaida yake hadi mwaka 2009 zilipohamia 2.2. Uso wa mwalimu uliopotea gizani, katika mfano uliotolewa hapo awali, yamkini ni mhanga wa tofauti ya gama au ya mwangaza wa sehemu za giza. Rangi za wastani zenye mwanga mwingi huvumilia kosa hili. Ngozi nyeusi kivulini haivumilii.

4.3 Upeo wa rangi

Kila kiwambo kina nyekundu, kijani na buluu zake za msingi, na hizo huweka mipaka ya rangi kinazoweza kuonyesha. Kipimo kinachotumika sana ni sRGB, kilichopendekezwa na kampuni za HP na Microsoft mwaka 1996 na kupitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Viko viwambo vyenye upeo mpana zaidi, na viko vilivyo finyu. Picha ya leso ikifunguliwa katika kiwambo cha upeo mpana kwa programu isiyojua sifa za kiwambo hicho, pindo jekundu huwaka kupita kiasi.

4.4 Pembe ya kutazamia, umri na waya

Baadhi ya viwambo bapa, hasa vya bei nafuu, hubadilika rangi jicho linapohama kidogo juu au chini. Taa za ndani nazo huzeeka, hupungua nguvu na kubadilika rangi. Kwa hiyo viwambo viwili vya kampuni moja na aina moja, kimoja kikiwa cha zamani, huweza kutofautiana.

Sababu moja husahaulika mara nyingi. Kiwambo kilichounganishwa kwa waya wa HDMI huweza kudhaniwa na kadi kuwa runinga. Hapo kadi hutuma ngazi kati ya 16 na 235 badala ya 0 hadi 255. Kiwambo kikitarajia upeo kamili, nyeusi hugeuka kijivu na picha yote hupauka. Kinyume chake, kadi ikituma upeo kamili ilhali kiwambo kinatarajia ule mfupi, sehemu za giza humezwa zote. Kosa la namna hii haliondolewi kwa kupima; huondolewa kwa kubadilisha mpangilio wa kadi au wa kiwambo kabla ya kupima.

5.0 Kadi moja, majedwali mangapi?

Wahenga walisema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii inafaa kuelezea kilichowasumbua watumiaji wengi katika miaka ya 2000. Baadhi ya kadi za michoro za wakati huo zilikuwa na matundu mawili ya kuunganishia viwambo, lakini jedwali la rejeleo lilikuwa moja, au mfumo wa uendeshaji uliweza kulifikia moja tu. Mtumiaji alipokwisha kusawazisha kiwambo cha kwanza, marekebisho yake yalimwagika pia katika kiwambo cha pili ambacho hakikuyahitaji. Aliposawazisha cha pili, aliharibu cha kwanza. Watumiaji wa Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001, walikumbana sana na hali hii. Suluhisho lao lilikuwa kununua kadi ya pili, au kusawazisha kiwambo kimoja kwa jedwali na kingine kwa vitufe vyake pekee.

Kadi za leo kwa kawaida huwa na jedwali kwa kila tundu, na mifumo ya uendeshaji ya leo huruhusu kila kiwambo kuwa na mpangilio wake. Hata hivyo, haifai kudhani, yafaa kujaribu. Jaribio lenyewe ni jepesi. Kiwambo kimoja hupakiwa jedwali lenye kasoro ya makusudi, kwa mfano lililopunguza buluu kwa kiasi kikubwa. Kikigeuka umanjano peke yake, majedwali ni mawili. Vikigeuka vyote, zizi ni moja. Mtumiaji pia ahakikishe kuwa viwambo vimepangwa kwa namna ya kupanua eneo la kazi, si kwa namna ya kuakisi picha moja.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo jedwali la rejeleo haliwezi kuyafanya, na yanapaswa kueleweka mapema. La kwanza ni kwamba jedwali hushughulikia nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Laweza kurekebisha nyeupe, gama na ngazi za kijivu, lakini haliwezi kubadilisha asili ya nyekundu ya kiwambo. Kiwambo chenye upeo finyu hakitapanuka kwa jedwali. La pili ni kwamba jedwali hula ngazi. Ikiwa nyeupe ya kiwambo ina ubuluu mwingi, na jedwali likashusha buluu ya juu kabisa kutoka 255 hadi 220, basi katika mfumo wa biti 8 ngazi za buluu zitakazobaki hazizidi 221 kati ya 256. Matokeo yake ni mistari inayoonekana katika anga au ukutani, mahali ambapo rangi ilipaswa kubadilika polepole. Kwa sababu hii, kazi kubwa ya kurekebisha nyeupe huachiwa vitufe vya kiwambo, na jedwali humalizia kilichobaki.

6.0 Usawazishaji na wasifu

Shughuli mbili huchanganywa mara kwa mara. Usawazishaji ni kukibadilisha kiwambo ili kifikie hali iliyokusudiwa: nyeupe fulani, gama fulani, mwangaza fulani. Kuandaa wasifu wa rangi ni kukieleza kiwambo kilivyo baada ya kusawazishwa, na kuyaandika maelezo hayo katika faili. Mtindo wa faili hizo hutokana na muungano wa kimataifa uliundwa mwaka 1993 na kampuni kadhaa za tarakilishi na upigaji picha ili rangi iweze kuhama kutoka kifaa kimoja hadi kingine bila kupotea.

Usawazishaji hufanya kazi kwa programu zote, kwa kuwa jedwali liko ndani ya kadi. Wasifu hufanya kazi tu kwa programu zinazousoma, kama vile Photoshop na GIMP. Ndiyo maana picha huweza kufanana katika viwambo vyote viwili ndani ya programu ya kuhariria picha, kisha ikatofautiana ndani ya programu nyingine. Mtumiaji hudhani kuwa usawazishaji umeharibika, kumbe kilichokosekana ni msomaji wa wasifu.

7.0 Hatua za kufuata

Hatua zifuatazo zinachukulia kwamba mtumiaji ana kipimarangi, yaani kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kiwambo kupima mwanga wake. Neno hilo limeundwa kwa kufuata mfano wa kipimajoto.

(i) Viwambo viwashwe na kuachwa kwa takriban nusu saa ili taa zake zitulie.

(ii) Mwanga wa chumba udhibitiwe. Jua la dirishani lisiangukie kiwambo, na rangi kali za ukutani ziepukwe. Kazi ikianza mchana na kumalizika chini ya taa ya usiku, jicho litabadilika hata kama viwambo havikubadilika.

(iii) Viwambo virudishwe katika mpangilio wa kiwandani. Huduma zinazobadilisha picha zenyewe zizimwe: mwangaza unaojirekebisha, ukolezi unaojirekebisha, na ule mpangilio wa usiku unaopunguza buluu.

(iv) Upeo wa ngazi unaotumwa kwenye waya uhakikishwe kwa viwambo vyote viwili, kama ilivyoelezwa katika 4.4.

(v) Shabaha ichaguliwe. Kwa kazi nyingi, nyeupe ya kelvini 6500 na gama ya 2.2 hufaa. Mwangaza uchaguliwe kwa kuzingatia kiwambo dhaifu. Kimoja kikiweza kandela 250 kwa mita mraba na kingine 110 tu, shabaha iwe 100 kwa vyote. Kiwambo chenye nguvu hushushwa. Kilicho dhaifu hakiwezi kupandishwa.

(vi) Vitufe vya kila kiwambo vitumiwe kukaribia shabaha kadiri iwezekanavyo kabla ya jedwali kuguswa.

(vii) Kila kiwambo kipimwe peke yake kwa kipimarangi kile kile. Kutumia vifaa viwili tofauti ni kuongeza hitilafu ya vifaa juu ya hitilafu ya viwambo. ArgyllCMS ni mfano wa programu huria na ya bure inayoweza kufanya kazi hii.

(viii) Kila wasifu uhifadhiwe kwa jina linalotaja kiwambo na tarehe, kisha uhusishwe na kiwambo chake. Kosa la kuzibadilisha nafasi hutokea kwa urahisi na huchukua saa nyingi kugunduliwa.

(ix) Matokeo yathibitishwe. Tofauti ya rangi hupimwa kwa kipimo kiitwacho delta E, na thamani inayokaribia 1 huchukuliwa kuwa ukingo wa kile ambacho jicho laweza kutambua.

(x) Kazi irudiwe kila baada ya muda, kwa mfano mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila toleo kupelekwa kiwandani.

Chama kisicho na kipimarangi hakijafungiwa mlango. Windows ina zana ya kusawazisha kwa macho, nayo hutosha kuondoa makosa makubwa ya gama na nyeupe. Katika hali hiyo, jambo la busara ni kuchagua kiwambo kimoja kilicho bora kuwa hakimu wa rangi, na kingine kutumiwa kwa maandishi na zana pekee. Mapatano haya ya wazi ni bora kuliko viwambo viwili vinavyodaiwa kulingana ilhali havilingani.

8.0 Mipaka ya kipimo

Baada ya hatua zote hizo, hutokea kipimarangi kikasema nyeupe mbili ni moja, nalo jicho likakataa. Jicho halikosei. Kipimo cha kimataifa cha rangi kiliwekwa mwaka 1931 kwa kutegemea majaribio yaliyofanywa Uingereza miaka ya 1920 na W. David Wright na John Guild, na kilitokana na wastani wa watazamaji wachache. Hakuna mtu aliye wastani. Viwambo viwili vyenye taa za aina tofauti huweza kupatana machoni mwa mtazamaji huyo wa wastani na kutofautiana machoni mwa msanifu aliyeketi mezani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Macho nayo ni vivyo hivyo. Hapo inaruhusiwa kurekebisha nyeupe ya kiwambo kimoja kwa jicho hadi ilingane na ya mwenzake, kisha wasifu uandaliwe upya.

Uteuzi wa rejeleo wenyewe si jambo lisilo na upande. Kwa miaka mingi katika karne ya 20, kampuni ya Kodak ilisambaza kwa maabara za picha kadi za rejeleo zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Picha ilihesabiwa kuwa sahihi pale ngozi yake ilipotoka vizuri. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada alieleza mwaka 2009 jinsi desturi hiyo ilivyofanya ngozi nyeusi zitoke vibaya, na jinsi kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilivyokuja baadaye. Funzo kwa mhariri wa Afrika Mashariki ni kwamba picha ya kujaribia viwambo iwe na nyuso za watu watakaochapishwa: mweusi tititi, mwenye rangi ya maji ya kunde, na aliye mweupe, waliopigwa juani na kivulini. Kiwambo kinachoonyesha vyema ua la waridi lakini kikaumeza uso wa mwalimu hakijasawazishwa kwa manufaa ya jarida hilo.

Mpaka wa mwisho ni karatasi. Kiwambo hutoa mwanga, karatasi huurudisha mwanga ulioiangukia. Wino una upeo wake, na viwango vya uchapaji hutazama nakala chini ya mwanga wa kelvini 5000. Usawazishaji wa viwambo hauondoi haja ya kuomba nakala ya majaribio kutoka kwa mpiga chapa.

9.0 Kuhusu istilahi

Katika Kiswahili, neno "sawa" lina maana mbili zinazohusika hapa. Vitu viwili ni sawa vinapolingana. Jibu ni sawa linapokuwa sahihi. Lugha imeziweka maana hizi katika neno moja, na katika mazungumzo ya kila siku hilo halidhuru. Katika somo hili, yafaa zitenganishwe. Viwambo viwili huweza kuwa sawa kimoja kwa kingine, vyote vikawa na ubuluu uliozidi, na vyote vikampotosha mhariri. Vilevile, kila kimoja huweza kukaribia kipimo kwa upande wake na bado tofauti iliyosalia ikaonekana.

Makala haya yanapendekeza kwamba kitenzi "kulinganisha" kitumiwe kwa tendo la kutazama viwambo viwili ili kubaini tofauti. "Kupima" kwa tendo la kupata nambari kwa kifaa. "Kusawazisha" kwa tendo la kukifikisha kiwambo kwenye kipimo kilichowekwa. Na "kupatanisha" kwa tendo la kuvifanya viwambo viwili vifanane. Nomino "wasifu", iliyozoeleka kwa maelezo ya maisha ya mtu, inafaa kwa maelezo ya sifa za kiwambo bila kulazimishwa. Maneno kama pikseli, gama na biti yamekwisha kuswahilishwa na hayana sababu ya kufukuzwa.

10.0 Hitimisho

Mzozo wa mhariri na msanifu mbele ya picha ya leso haukuwa mzozo wa nani anaona vyema. Ulikuwa mzozo wa vipimo viwili visivyokubaliana, kila kimoja kikiwa kimekabidhiwa neno lile lile. Imeonyeshwa kwamba chanzo huweza kuwa kiwambo, waya, kadi au programu, na kwamba kadi moja ya michoro yapasa ithibitishwe kuwa na jedwali kwa kila kiwambo kabla ya kazi kuanza. Imeonyeshwa pia kwamba vitufe hutangulia jedwali, na jicho huachiwa neno la mwisho kuhusu nyeupe.

Kwa vyama vya wanafunzi vyenye fedha haba, hatua nyingi kati ya hizi hazihitaji ununuzi wowote. Zinahitaji nusu saa ya kusubiri taa zitulie, pazia la dirisha, na makubaliano kuhusu kiwambo cha kuaminiwa. Vikifanyika hivyo, leso itachapwa kwa manjano yake, na uso wa mwalimu utatambulika na wanawe.

Maswali ya marudio

1. Fafanua tofauti kati ya usawazishaji na wasifu wa rangi, ukionyesha ni ipi inayofanya kazi katika programu zote.

2. Kwa nini jedwali la rejeleo haliwezi kukipanua kiwambo chenye upeo finyu wa rangi?

3. "Viwambo vilivyo sawa si lazima viwe sahihi." Jadili kauli hii kwa kurejelea maana mbili za neno "sawa".

4. Orodhesha majina matano ya rangi katika Kiswahili yanayotokana na vitu, kisha ueleze kitu hicho kinavyotumika kama kipimo.